Kiazi kikavu na soda baridi: kisasi cha Wakorea, kisasi cha Wachina

Flashi niliyorudi nayo nyumbani ilikuwa na episodi 15. Tamthilia yenyewe, The Glory ya Wakorea, ina 16. Kijana wa duka la muvi, yule anayekujazia sizini nzima huku macho yako kwenye simu yake, aliiruka ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi usiku, duka limeshafungwa, na shangazi yangu ameketi mkekani kaegemea kochi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, anasubiri Park Yeon-jin, mwovu mkuu wa hadithi, afe.

"Weka inayofuata."

"Imeishia hapo, shangazi."

"Imeishia vipi? Huyu shetani anabaki hivihivi?"

Usiku ule sebule ikageuka mahakama. Shangazi hasomi maandishi ya chini ya skrini, mimi ndiye mkalimani wake, lakini hukumu alitoa mwenyewe bila msaada: Yeon-jin achomwe kwa chuma kilekile alichowachomea wenzake. Binamu yangu alitaka afilisike, atembee kwa miguu sokoni na kila muuza nyanya amjue. Mimi nikasema ningependa aombe msamaha, nikachekwa. "Msamaha ndiyo nini? Kovu litafutika?" Tukalala saa nane bila muafaka.

Tangu siku hiyo kila nikianza tamthilia ya kisasi najiuliza: huyu anayelipiza anataka nini hasa? Nimemaliza nyingi, za Kikorea na za Kichina, nyingine kwa bando, nyingi kwa flashi, na msimamo wangu ni huu: hakuna anayemshinda Mkorea kukuingiza kwenye hasira, na wachache wanamfikia Mchina kukutoa humo. Asiyependa kusimuliwa mwisho aishie hapa, maana nitataja nani kafa na nani kafungwa.

Watazamaji wa Korea wana maneno mawili ambayo Mswahili anayaelewa bila kamusi. Sehemu inayokera, mwema anaonewa, mwovu anacheka, ushahidi uko mezani na hakuna anayeuona, wanaiita goguma, yaani kiazi kitamu. Aliyewahi kula kiazi kitamu cha kuchemsha, kile cha ungaunga, bila chai, anajua kinavyokwama: unajigonga kifua, unatafuta maji kwa macho. Kisha inakuja sehemu ambayo mwovu anaumbuliwa mbele za watu. Hiyo ni saida, kwa jina la soda yao nyeupe. Soda baridi juu ya kiazi kikavu. Ufundi wote wa mwandishi wa kisasi uko kwenye kipimo cha hivi viwili. Akimimina soda mapema, hamu inakata. Akichelewa mno, mtu anazima runinga na kwenda kulala.

The Glory, ile iliyotukatikia njiani, ni ya mwandishi Kim Eun-sook na mwongozaji Ahn Gil-ho. Episodi nane za kwanza zilitoka Netflix tarehe 30 Desemba 2022, nane za pili tarehe 10 Machi 2023. Kim tulikuwa tunamjua kwa mambo ya mapenzi, ndiye aliyeandika Descendants of the Sun na Goblin. Mwenyewe alieleza kwamba kilichomsukuma ni swali la binti yake: mama, utaumia zaidi nikimpiga mtu hadi akaribie kufa, au nikipigwa mimi? Mzazi yeyote akilitafakari swali hilo vizuri usingizi utamruka.

Moon Dong-eun, anayeigizwa na Song Hye-kyo, alichomwa mwili mzima na wanafunzi wenzake kwa chuma cha kukunjia nywele. Kisa kina mzizi wa kweli: mwaka 2006, katika mji wa Cheongju, mwanafunzi wa kike alichomwa na wenzake kwa chuma cha aina hiyo. Lakini chuma si ndicho kinachoniumiza zaidi katika episodi ya kwanza. Kinachoniumiza ni foleni ya watu wazima. Mwalimu anampiga yeye, aliyeonewa. Polisi wanawarudisha watoto wa matajiri kwa wazazi wao. Na mwisho wa foleni yupo mama mzazi, anayepokea pesa na kusaini karatasi za binti yake kuacha shule. Hapo ndipo kiazi kinapokwama.

Waswahili tulishalisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Dong-eun anafanya kazi kiwandani, anasoma usiku, anafika chuo, anakuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka ukifika anaingia darasani kama mwalimu wa binti wa Yeon-jin. Amejifunza hata baduk, ule mchezo wa mawe meusi na meupe, ili aweze kuketi mbele ya mume wa Yeon-jin na kumshinda. Mcheza bao atauelewa uso wa Dong-eun kwenye bustani ile: mkono unashusha jiwe, mdomo umefungwa, na aliye mbele yake hajajua kuwa nyumba yake imeshaanza kuzingirwa.

Kuna onyesho moja ambalo nimelirudia labda mara tano. Dong-eun bado msichana, amekata tamaa, anakwenda majini usiku wa baridi ajiue. Akiwa humo anamwona bibi mmoja naye anaingia kwa nia hiyohiyo. Msichana anasahau kifo chake, anakwenda kumvuta bibi. Wanatoka wamelowa, wanatetemeka, na bibi anamwambia maji ni ya baridi mno, wewe na mimi tufe majira ya machipuko. Basi. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie wala hotuba ya matumaini. Tarehe ya kufa imesogezwa mbele, ndiyo huruma pekee iliyopatikana, na msichana anaishi. Mwandishi anayeweza kuandika hivyo namsamehe mengi.

Jumatatu flashi ikarudi imekamilika. Yeon-jin hakuchomwa. Aliyekuwa mtangazaji wa hali ya hewa kwenye runinga anaishia gerezani, na wafungwa wenzake wanamsimamisha katikati ya selo: tusomee hali ya hewa. Anasoma. Mvua itanyesha wapi, upepo utatoka upande gani, sauti inakatika, machozi yanashuka. Nikamgeukia shangazi, hakimu wa chuma cha moto. Alikuwa ameinama mbele, chai imepoa.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Asome tena."

Nikarudisha mara tatu. Mtu aliyetaka nyama iungue alishibishwa na mwanamke anayetangaza mvua. Kumbe hata shangazi, pamoja na ukali wake wote, alitaka kuona Yeon-jin akijua maana ya kusimamishwa mbele ya watu wanaokucheka na huna pa kwenda.

Tamthilia haikubaki ndani ya skrini. Mwezi uleule wa Machi, Ahn Gil-ho, mwongozaji wake, alituhumiwa kuwapiga wanafunzi wadogo alipokuwa akisoma Ufilipino, akakiri na kuomba radhi kupitia wakili wake. Mwezi mmoja kabla, mwanasheria aliyeteuliwa kuongoza upelelezi wa polisi wa taifa alijitoa siku moja tu baada ya uteuzi, kwa sababu ya mwanawe kumnyanyasa mwenzake shuleni. Aprili serikali ikatangaza kwamba kumbukumbu za ukatili wa shuleni zitahesabiwa katika udahili wa vyuo vikuu vyote kuanzia mwaka wa masomo 2026. Sidai kwamba tamthilia ndiyo iliyotunga sera. Lakini hasira ilikuwa tayari barabarani na episodi zile ziliipa sura.

Watu huniuliza kwa nini Wakorea wana kiu hii ya kisasi wakati nchi yao ina mahakama, kamera kila kona na treni zinazofika kwa dakika. Jibu langu linaanzia kwenye saa ya ukutani. Kwa miaka mingi Korea Kusini ilikuwa na ukomo wa muda wa kushtaki hata kwa kosa la kuua: miaka 15, ikaongezwa kuwa 25 mwaka 2007, na ukomo ukafutwa kabisa mwaka 2015 baada ya kilio cha kesi ya mtoto wa miaka sita aliyemwagiwa tindikali mjini Daegu mwaka 1999. Hebu fikiri maana yake. Muuaji akijificha vizuri, siku moja saa sita usiku inapiga naye anakuwa mtu huru. Mama wa marehemu anaweza kukutana naye dukani na asiwe na la kufanya.

Signal, tamthilia ya 2016 iliyoandikwa na Kim Eun-hee, inaanzia hapohapo. Mtuhumiwa wa kumteka na kumuua mtoto yuko chumba cha mahojiano, zimebaki dakika, ushahidi unatafutwa, na kamera inarudi kwenye saa. Taharuki yake haitokani na bunduki. Inatokana na mshale wa dakika. Nyuma ya tamthilia hiyo kuna jeraha la Hwaseong, ambako wanawake kumi waliuawa kati ya 1986 na 1991. Ukomo wa kesi ya mwisho ulifika 2006. Mwaka 2019 vinasaba vikamtaja Lee Choon-jae, ambaye muda wote huo alikuwa gerezani kwa kosa jingine, la kumuua shemeji yake. Alikiri, lakini kwa mauaji yale hashitakiki tena. Na kuna mtu mwingine aliyekuwa ameshafungwa karibu miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji hayo. Mahakama ilimsafisha Desemba 2020. Watu waliokua na habari kama hizi huhitaji kuwafundisha kutoiamini ofisi. Hata jambo hili dogo, na ni sadfa tu: mara ya mwisho Korea Kusini kunyonga wafungwa ilikuwa 30 Desemba 1997. The Glory ilitoka miaka 25 kamili baadaye, siku ileile. Kamba ya serikali imepumzika muda wote huo na kazi yake imehamia kwa waandishi wa skripti.

Hapo ndipo ugomvi wangu na Wakorea unapoanza. Kwa sababu hawaiamini ofisi, kila kitu wanamkabidhi steringi, na steringi akipewa kila kitu hubweteka. Tazama Vincenzo ya 2021. Nimecheka sana na wapangaji wa jengo lile bovu lenye dhahabu chini yake, na Song Joong-ki katika suti za Kiitaliano ni starehe ya macho. Kisha episodi ya mwisho inamng'oa mwanamke kucha za miguu na kumwasha moto huku muziki unapiga, na mwovu mkuu anafungiwa mtambo unaomtoboa kifua taratibu. Soda, wanasema. Mimi niliona kiwanda cha soda kimelipuka. Steringi alipofika hapo hakuwa akitaka chochote ninachoweza kukiita haki. Alikuwa anatufurahisha, na sisi tulikuwa tunaangalia mateso tukila bisi.

Taxi Driver ni nafuu, kwa sababu inakubali kwamba ni hadithi ya jioni: ofisi ya teksi, wateja waliodhulumiwa, kila kesi kwa episodi mbili hivi, Lee Je-hoon anabadilisha nguo na lafudhi. Naipenda kama ninavyopenda vitumbua, sijiulizi maswali. The Penthouse nayo ni daraja lake. Wakorea wenyewe huziita za namna hiyo makjang, neno lililotoka migodini, mwisho wa shimo ambako hakuna tena pa kuchimba. Watu wanaanguka ghorofani na kurudi sizini ijayo. Mwandishi wake, Kim Soon-ok, ndiye aliyeandika pia Temptation of Wife, episodi 129 kati ya 2008 na 2009, ambamo mke aliyeachwa afe baharini anarudi kama mtu mwingine na mume hamtambui kwa sababu amejichora kidoa karibu na jicho. Kidoa! Shangazi, ambaye haamini hata utabiri wa mvua, alikiamini kidoa kile kwa miezi.

Kisichosameheka ni uoga wa mwisho. Reborn Rich ya 2022 ilikuwa na kila kitu: mtumishi wa familia ya matajiri anauawa na mabwana zake, anazaliwa upya kama mjukuu wa familia hiyohiyo katika miaka ya themanini, na anaijua kesho ya uchumi wa nchi. Unamtazama akinunua hisa kama anayeokota embe zilizoanguka. Kisha usiku wa Krismasi episodi ya 16 inamwamsha kwenye mwili wake wa zamani na kutuambia ile miaka 17 aliyoishi ilikuwa siku chache za kupoteza fahamu. Walioangalia Korea walikasirika na wana haki. Ukiniambia nisubiri soda kwa wiki sita, usije ukanionyesha chupa tupu na kuniambia kiu yenyewe ilikuwa ndoto.

Sasa nivuke bahari, niende kwa Wachina.

Kwao kisasi kina umri mkubwa. Wana msemo kwamba muungwana akilipa kisasi baada ya miaka kumi hajachelewa. Wana mfalme Goujian wa Yue, aliyeshindwa na dola ya Wu mwaka 494 kabla ya Kristo, akatumikishwa na aliyemshinda. Inasimuliwa kwamba alipoachiwa alilala juu ya kuni na kulamba nyongo kila siku asije akasahau uchungu, mpaka 473 alipoiangusha Wu. Kwa hiyo hawana haraka. Wapo wanaoniambia tamthilia za Kichina zinachosha. Nawaelewa. Episodi 40 hadi 70, nasaba za watu wenye majina yanayofanana, sauti zilizopachikwa studio zisizolingana vizuri na midomo. Mimi mwenyewe Story of Yanxi Palace, ile ya 2018 ya kijakazi anayeingia ikulu kutafuta aliyemuua dada yake, niliimaliza kwa kuruka, na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini kaa na Nirvana in Fire. Ilitoka 2015, episodi 54, mwandishi Hai Yan aliigeuza skripti riwaya yake mwenyewe. Jeshi la Chiyan, watu 70,000, liliangamizwa kwa kusingiziwa uhaini. Kijana mmoja, mwana wa jemadari, alinusurika na sumu mwilini, na tiba yake ikambadilisha sura na kumwachia afya ya mgonjwa. Miaka kumi na zaidi baadaye anarudi mji mkuu kwa jina la Mei Changsu, amejifunika manyoya, mikono juu ya mkaa, anakohoa. Hu Ge anamwigiza kwa utulivu unaotisha. Ana kundi zima la wapiganaji chini yake na angeweza kumtuma mtu kumchinja kila aliyehusika. Hataki. Anachotaka ni kesi ifunguliwe upya.

Nilipoielewa hiyo nilisimamisha picha. Mtu amepoteza baba, rafiki, uso wake mwenyewe, na anachodai ni faili! Anadai mfalme yuleyule aliyetia saini, akiwa hai, akiwa kwenye kiti chake, aseme mbele ya baraza lote kwamba wale 70,000 hawakuwa wahaini. Na Mei Changsu amekataa njia ya mkato: kumsubiri mzee afe na mfalme mpya asafishe majina. Maana hukumu ikipinduliwa baada ya mfalme kufa, watu watasema mfalme mpya aliwapendelea marafiki zake.

Onyesho lenyewe linakuja kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mfalme. Dada yake, binti mfalme Liyang, anajitokeza na kusoma ungamo la marehemu mumewe, jinsi barua ya uongo ilivyotungwa na jeshi lilivyochinjwa. Mfalme anafoka. Kisha waziri mmoja anatoka mstarini na kusema naunga mkono kesi isikilizwe upya. Anatoka wa pili. Wa tatu. Viatu vinasikika sakafuni. Hakuna aliyepigana, na mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti kuliko nilivyowahi kukaa kwa mapigano yoyote ya Kikorea. Mfalme anashindwa kwa kuachwa peke yake upande wa uongo.

Wapo watakaosema: ni udhibiti wa serikali tu. China tamthilia hupitishwa na mamlaka kabla ya kuonyeshwa, raia haruhusiwi kujichukulia sheria mkononi akaondoka anatabasamu, na ndiyo maana nyingi za uhalifu huishia na maandishi meupe juu ya kiza: fulani kifungo kadhaa, fulani adhabu ya kifo. Ni kweli, na maandishi hayo huwa yananikera, ni kama mwalimu wa zamu anayekuja kuzima redio wimbo haujaisha. Lakini nadhani udhibiti huo, bila kukusudia, umewafanyia waandishi wazuri jambo moja. Umewanyang'anya damu. Aliyenyang'anywa damu inabidi atafute kitu kingine cha kumpa mlipa kisasi, na akiwa na kipaji, anachokipata kinauma zaidi.

Ushahidi wangu ni The Long Night ya 2020, episodi 12 tu za iQiyi, jukwaa la video la mtandaoni la Wachina, kutoka riwaya ya Zijin Chen. Inaanza na wakili aliyechanganyikiwa kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, anaburuta sanduku, na ndani ya sanduku kuna maiti. Maiti ni ya Jiang Yang, aliyekuwa mwendesha mashtaka. Tunarudishwa nyuma: mwalimu wa kujitolea kijijini aligundua wanafunzi wake wa kike wanadhalilishwa kwa faida ya wakubwa, akauawa na kuchafuliwa jina. Jiang Yang alilichukua faili lile akiwa kijana mwenye nyota njema, na faili likamla. Kazi ikaenda, ndoa ikaenda, akafungwa kwa kusingiziwa rushwa, akatoka na saratani.

Kuna wakati, baada ya yote hayo, anapoteza pochi. Pochi tu. Amevumilia jela, amevumilia kila mlango kufungwa, halafu anajipapasa mfuko na pochi haipo, ndipo anapolia kama mtoto, mbele ya rafiki zake, hawezi kunyamaza. Bai Yu aliliigiza onyesho hilo kiasi kwamba ilibidi nitoke nje nikapige upepo. Kila aliyewahi kuzungushwa na ofisi kwa miaka na kisha akalipuka kwa jambo dogo kama chenji ya daladala anajua kilio kile kinatoka wapi.

Kwa kuwa anakufa tu, Jiang Yang anaamua kukitumia kifo chake. Anajiua kwa mpango, na rafiki zake wanaugeuza mwili wake kuwa kelele ambayo mji mzima utaisikia: wakili anakamatwa na sanduku, anakiri, kisha mahakamani anakana, na polisi wanalazimika kuchimba upya. Ndiyo, mwisho wake sheria inashinda, kama mamlaka ilivyotaka. Lakini angalia sheria ilivyobidi ivutwe ili ifike mahakamani: kwa maiti ya mtumishi wake mwaminifu kuliko wote. Sijui mkaguzi aliyeipitisha aliona nini. Mimi niliona tusi zito ambalo Mkorea mwenye uhuru wake wote hajawahi kulitoa.

Mwaka huohuo, jukwaa hilohilo na mwandishi wa riwaya yuleyule, ilitoka The Bad Kids. Mkwe anawapeleka wakwe zake mlimani, anawapanga vizuri kwa picha, na anawasukuma. Chini, watoto watatu walikuwa wanajirekodi. Baada ya hapo vijana wa China wakawa wanataniana mitandaoni: twende tukapande mlima? Taharuki ya kweli ya tamthilia hii ni mtoto Zhu Chaoyang, mpole, wa kwanza darasani, na jinsi anavyojifunza kutoka kwa muuaji. Kwenye riwaya giza lake ni kubwa zaidi. Skrini ililazimika kulipunguza, basi mwongozaji Xin Shuang akaweka hadithi mbili za mwanafalsafa Descartes na binti mfalme, moja tamu na moja chungu, na muuaji anapokufa anamwambia mtoto anaweza kuiamini ile tamu. Mtazamaji achague. Waliochagua ile chungu waliihesabu upya tamthilia nzima, viatu, nguo, nani aliyeonekana kweli na nani wa kufikirika. Mpaka leo sijaamua kuhusu Pupu, yule binti kati ya watoto watatu, na sipendi kuulizwa.

Na Reset ya 2022, ambayo wengi huichukulia kama mchezo wa muda kujirudia: mwanafunzi wa chuo na kijana mtengenezaji wa michezo ya kompyuta kwenye basi namba 45, basi linalipuka darajani, wanaamka, linalipuka tena. Bomu liko ndani ya sufuria ya presha ndani ya mfuko mwekundu, na mwenye mfuko ni mama. Binti yake alishuka kwenye basi katikati ya daraja miaka iliyopita, akagongwa na gari, na mtandao ukamcheka. Alishuka kwa sababu gani? Mama anataka kujua hilo tu. Dereva wa basi ni baba wa binti huyo, aliomba kazi kwenye njia hiyohiyo. Kila mara basi linapolipuka linalipuka kwa sababu hakuna aliyewajibu wazazi wawili swali moja. Niliposikia mlio wa simu ya mama yule kwa mara ya kumi na kitu, sikuwa tena upande wa abiria, na ilinitisha kugundua hivyo.

Haya niliyoyasema ni ya kilele cha Wachina. Bondeni kuna takataka nyingi, na siku hizi zinatufikia moja kwa moja kwenye simu: vile vitamthilia vya wima vya dakika moja au mbili, mke aliyetalikiwa kumbe binti wa bilionea, mlinzi wa geti kumbe jenerali, kofi, kofi, kofi, kisha ulipie kuona kofi linalofuata. Wachina wana neno la raha hiyo, shuang, kama kukunwa mgongoni pale panapowasha. Mamlaka yao wenyewe, kati ya Novemba 2022 na Februari 2023, iliondoa zaidi ya 25,000 za namna hiyo mitandaoni, na bado zimejaa. Ni soda tupu bila kiazi. Utakunywa chupa kumi, utajaa gesi, na kesho hukumbuki ladha.

Shangazi alizipenda kwa wiki moja, akachoka. "Kila mtu tajiri wa siri," akalalamika. "Maskini wa kweli wako wapi?" Juzi akanituma dukani nikamwekee ya Mchina, yenye akili, lakini isiwe ndefu. Nimemdanganya kuhusu urefu. Nimemletea Nirvana in Fire, na nimehesabu mwenyewe, zote 54 zimo. Tumefika ya tisa. Jana usiku alishusha kikombe, akamwangalia Mei Changsu amejikunyata karibu na mkaa anakohoa, akaniuliza kwa hasira:

"Mwanangu, huyu mgonjwa kisasi chake anakianza lini?"

"Alishakianza, shangazi. Episodi ya kwanza."